Juu ya Kuandaa Vikao vya Wachoraji wa Kompyuta



Ombi lililoletwa mbele ya chama ni fupi. Vijana wachache wa Logiri, waume kwa wake, wanaochora kwa kompyuta, wameomba wapewe nyumba ya mikutano mara moja kila mwezi, siku ya Jumamosi, wapate kusikiliza mazungumzo ya mafundi, kuonyeshana kazi zao, na kutazama filamu fupi zilizotengenezwa na wenzao wa mbali. Hawakuomba fedha. Wameomba chumba, ufunguo, na ruhusa. Baadhi ya wazee wamelipokea ombi hili kwa uso mkunjufu. Wengine wameuliza, na wana haki ya kuuliza, mambo mawili: kuchora kwa kompyuta ni kazi gani? Na kama ni kazi, kwa nini mtu asiifanye nyumbani kwake peke yake, hata ahitaji kikao?

Swali la kwanza lajibika upesi. Mtu akipita katika mji wa Arua atakuta vibanda vya kuchapa kila upande: kadi za arusi, mabango ya maduka, picha za wagombea wakati wa uchaguzi, vyeti vya shule, fulana za timu za mpira. Vyote hivyo vimechorwa kwa kompyuta kabla ya kutiwa wino. Kadhalika picha za kumfundisha mama usafi wa mtoto, michoro ya nyumba kabla ya kujengwa, na katuni ambazo watoto huzitazama mpaka chakula kikapoa. Mzee asemaye hajapata kuiona kazi hii, huenda kalenda iliyoko ukutani kwake imetoka humo humo.

Swali la pili ndilo lenye uzito, na haliwezi kujibiwa kwa neno moja.

Filamu ya katuni si picha moja itembeayo. Ni picha nyingi zilizosimama, ambazo zikipitishwa mbele ya jicho kwa haraka, jicho hudanganyika likadhani zatembea. Kwa desturi sekunde moja ya filamu hutaka picha 24. Basi dakika moja hutaka picha 1,440. Kijana akishamaliza kuchora umbo la ng'ombe, kulitia rangi na kuupanga mwendo wake, kazi yake yeye imekwisha, lakini ya kompyuta ndiyo kwanza yaanza, kwani yapasa ihesabu mwanga na kivuli katika kila picha, moja baada ya moja. Kompyuta ya bei nafuu ikitumia dakika 5 kwa picha moja, dakika ile ya filamu itataka dakika 7,200, yaani saa 120. Siku tano, usiku na mchana, pasipo umeme kukatika. Ni nani Logiri awezaye kuahidi siku tano za umeme usiokatika? Lakini vijana watano wakikutana, kila mmoja akachukua fungu lake la picha akaenda nalo kwake, kazi ile ile yaisha kwa siku moja. Wakulima waijua hesabu hii tangu zamani: ndiyo hesabu ya ujima, watu kulima shamba la huyu leo na la yule kesho.

Wala wenye mashine kubwa hawakuepukana na haja ya kukutana. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu iitwayo Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora mistari juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Siku hizo kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba, na waliojua kuchora kwayo walikuwa wa kuhesabika, wametawanyika katika vyuo na viwanda, kila mtu akivumbua upya jambo ambalo mwenzake amekwisha kulivumbua. Mwaka 1967 Sam Matsa na Andries van Dam wakaanza kuwakusanya chini ya mwavuli wa chama kikubwa cha wataalamu wa kompyuta. Mwaka 1969 kundi hilo likapata jina lake la SIGGRAPH, na mwaka 1974 likafanya mkutano wake mkuu wa kwanza katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, wakahudhuria watu kama 600. Baadaye mkutano huo ukafikia kuhudhuriwa na maelfu kwa maelfu, na miji mingi ya dunia ikafungua matawi. Kazi ya tawi si kubwa kuliko ile waliyoiomba vijana wa Logiri: kualika msemaji, kuonyesha filamu, na kumkutanisha mgeni wa kazi na mwenyeji wake.

Kipo kisa kimoja cha mikutano hiyo ambacho kila mwandaaji angefaa kukijua. Loren Carpenter alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya Boeing. Alitaka nyuma ya picha za ndege zake ionekane milima, na milima ilikuwa imewashinda wachoraji wa kompyuta, maana mlima hauna mstari ulionyoka. Akasoma maandiko ya Benoit Mandelbrot juu ya maumbo ambayo sehemu yake ndogo hufanana na lile zima. Na mwenye kuupanda Mlima Liru kule Koboko ajua kwamba jiwe lililovunjika miguuni mwake lina sura ya mlima wenyewe. Kwa njia hiyo akatengeneza filamu ya dakika mbili, aliyoiita Vol Libre, mtazamaji akiruka kama ndege juu ya vilele na mabonde ambayo hayapo duniani. Mwaka 1980, katika mkutano wa SIGGRAPH uliofanyika Seattle, akapewa nafasi ya kusema na kuonyesha. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Wakubwa wa kitengo cha kompyuta cha Lucasfilm walikuwa wamekaa humo humo, wakamwajiri. Na kutoka katika kundi lao ikazaliwa mwaka 1986 kampuni ya Pixar, ambayo mwaka 1995 ilitoa Toy Story, filamu ndefu ya kwanza iliyofanywa yote kwa kompyuta. Carpenter husifiwa kwa akili yake, na ni haki yake. Aghalabu hatajwi mtu aliyeipanga ratiba ya siku ile, akamwachia nafasi fundi wa kiwanda cha ndege.

Na programu je, yapatikana wapi, ilhali programu za kuchora huuzwa kwa bei inayozidi mshahara wa mwalimu? Hapa pana habari ambayo watu waliozoea mambo ya wakfu hawatashindwa kuifahamu. Ilikuwapo programu moja iitwayo Blender, iliyoundwa na Mholanzi Ton Roosendaal. Mwaka 2002 kampuni iliyoimiliki ilifungwa, na programu ikawa karibu kupotea pamoja nayo. Wenye mali wakakubali kuitoa iwe huru kwa watu wote, kwa malipo ya euro 100,000. Wakachangishana watumiaji wenyewe, waliotapakaa duniani, huyu kidogo na yule kidogo, na kwa muda wa wiki saba fedha zikatimia. Tarehe 13 Oktoba 2002 Blender ikatolewa kwa umma, na tangu siku hiyo hakuna awezaye kuiuza ikawa yake peke yake, wala kumzuia mtu kuitumia, kuichunguza au kuigawa. Mwaka 2025 filamu iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa Blender na watu wa Latvia, nchi ndogo kuliko Uganda kwa eneo na kwa idadi ya watu, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Programu hiyo si kubwa. Yaingia katika flashi ya kufungia ufunguo wa pikipiki. Mmoja akiipakua mjini, wote wanayo Logiri, wala hapana haramu iliyotendeka.

Afrika nayo haikulala. Mwaka 2001 ulifanyika Cape Town mkutano wa kwanza wa AFRIGRAPH, wa wataalamu wa michoro ya kompyuta katika bara hili. Lakini mikutano iliyofuata mpaka 2010 ilibaki Afrika ya Kusini, na nauli ya kutoka Arua hata huko si jambo la kumtajia mzazi. Karibu zaidi, mwaka 2010 zilianza kuonyeshwa katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz, na sura zake zimefuata michoro ya mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, fundi aliyechora kwa rangi za kupakia baiskeli na kufariki mwaka 1972. Dar es Salaam hiyo hiyo, tangu 2014, Ubongo Kids yafundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili. Na Kampala yuko Raymond Malinga, ambaye filamu yake fupi Herderboy, hadithi ya wachunga ng'ombe, ilikuwa miongoni mwa filamu kumi za Kiafrika zilizotolewa na Disney mwaka 2023 katika mkusanyo wa Kizazi Moto. Jina la mkusanyo ule ni la Kiswahili; na wachunga ng'ombe hawakosekani pande hizi.

Hatari iliyopo ni kwamba kijana wa Logiri mwenye mkono mwepesi, asipopata kikao, ana njia mbili tu: ahamie Kampala ambako hana jamaa, au aiache kazi. Wengi huiacha, tena kimya kimya, hata mama yake asijue kilichoachwa.

Sasa, kuandaa. Hapo ndipo vikundi vya namna hii hufia, wala havifi kwa ukosefu wa kompyuta. Kikao cha kwanza hujaa. Cha pili hupungua. Cha tatu msemaji hachelewi ila haji kabisa, ufunguo umekwenda sokoni na mwenyewe, projekta yataka waya ambao haupo, na watu waliotembea kwa miguu kutoka vijiji vya mbali wanarudi wakiwa na vumbi tu. Hicho ndicho huwa kikao cha mwisho. Basi jambo la kwanza ni siku moja isiyobadilika. Ikisemwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, iwe hiyo, hata wakija watu wanne. Watu wanne waliokuta mlango wazi watasema kwa wengine, na watu arobaini waliokuta umefungwa watasema pia.

Saa yenyewe yataka busara. Jioni ndiyo nzuri kwa picha, maana giza husaidia projekta. Lakini ikiwa jioni, wasichana hawatapewa ruhusa, na wazazi watakuwa na haki. Ni afadhali kikao kianze saa nane mchana kimalizike kabla ya saa kumi na moja, na madirisha yazibwe kwa mablanketi. Joto litakuwapo, watu watatoka jasho. Lakini kikundi cha wachoraji kisicho na wasichana kimekwisha kupoteza nusu ya mikono. Na katika miezi ya masika ikumbukwe kwamba mvua ikipiga mabati, hata msemaji mwenye sauti ya muadhini hasikiki. Siku kama hiyo msemaji anyamaze, picha ziseme, na maswali yangoje mvua ipite.

Umeme nao usitegemewe kwa moyo wote. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta, na tangu 2012 kituo kidogo cha maji cha Nyagak, cha megawati 3.5. Gridi ilipofika Arua mwaka 2024 mambo yalitengenea, lakini si kila kijiji kina waya, wala si kila waya una umeme saa nane ya Jumamosi. Hesabu ya betri ni rahisi na kila mwandaaji aijue: betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na isipotumiwa kupita nusu yake, ili isiharibike, hutoa 600. Projekta ya wati 200, kompyuta ya 50 na kipaza sauti cha 20, jumla 270. Basi betri moja iliyojaa yatosha saa mbili na kidogo. Kikao kirefu kuliko hapo huwachosha watu hata kama umeme upo.

Msemaji aalikwe mapema, kwa barua au kwa simu iliyo wazi, aambiwe siku, saa, mahali, hali ya wasikilizaji, na urefu wa maneno yanayotakiwa. Anayetoka mbali apewe nauli na chakula. Hilo si malipo, ni adabu. Wasemaji hawako mbali kama inavyodhaniwa. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013 hapa hapa Arua, chafundisha elimu ya kompyuta, na walimu wake wajua mambo ambayo hawajapata kuulizwa na mtu wa Logiri. Katika kambi ya Rhino, wakimbizi wa Sudan ya Kusini waliounda kikundi cha CTEN wamekuwa wakiendesha vikao vya kutengeneza simu na redio zilizoharibika. Watu hao wajua kuandaa kikao mahali pasipo na kitu, kuliko mjuzi yeyote wa mjini. Na fundi wa kadi katika kibanda chake, ambaye hana cheti, aweza kueleza kwa nini rangi nyekundu ya kioo cha kompyuta hutoka kahawia kwenye karatasi. Mazungumzo yake yatawafaa vijana zaidi ya hotuba tatu juu ya mustakabali wa teknolojia. Msemaji anayekuja kuuza bidhaa zake asikubaliwe mara mbili.

Lugha iwe ipi? Darasani ni Kiingereza. Nyumbani ni Kilugbara, Kikakwa, Kiaringa au Kinubi, na atakayevuka kutoka Ariwara atakuja na Kilingala chake. Kiswahili ndicho kinachoweza kuwakusanya bila ya mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni. Maneno ya kazi yasiyo na Kiswahili yaachwe kama yalivyo, yaelezwe mara moja kwa mfano, kisha yatumiwe bila haya.

Limetajwa pia suala la kuchora viumbe wenye roho. Wanavyuoni wamelizungumza kwa urefu na hitilafu zao zajulikana, na hapa si mahali pa kuzimaliza. Mwandaaji mwenye akili hawezi kushindwa kupata maudhui yatakayowaridhisha wote katika vikao vya mwanzo. Mafundi wa zamani walijaza misikiti ya Isfahan, Fez na Kairo nakshi za nyota na pembe zilizopangwa kwa bikari na rula. Mwaka 2007 Peter Lu na Paul Steinhardt walieleza jinsi vigae vya maumbo matano tu vilivyoweza kuzaa nakshi za ajabu, kama zile za Darb-i Imam, Isfahan, za mwaka 1453. Vijana wakiyakata maumbo hayo matano kwa karatasi ngumu, wayapange juu ya mkeka, kisha wayarudie kwa kompyuta, wamepata kikao kizima, tena hata mzee asiyejua kompyuta aweza kukaa chini akapanga nao.

Kikao kingine kiwe cha mwanga. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika kitabu chake cha mambo ya kuona huko Kairo karne ya kumi na moja, ndiye aliyethibitisha kwamba jicho halitupi miali kuviendea vitu, bali mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni. Mafundi wa kompyuta waijua kanuni hiyo, lakini kwa ajili ya kupunguza hesabu huufuata mwanga kinyumenyume: kutoka jichoni, hata kwenye kitu, hata kwenye taa, njia aliyoipanua Turner Whitted katika makala yake ya mwaka 1980. Somo hili laweza kutolewa kwa taa ya chemli, uzi mrefu na kioo cha kujitazamia, umeme usiwepo kabisa. Hilo liwekwe akiba kwa siku ambayo betri itagoma.

Kisha kila kikao, msemaji awe nani na mada iwe nini, dakika za mwisho ziachwe kwa wanachama waonyeshe kazi zao, dakika mbili kila mtu, anayeanza atangulie. Hapo pataka ulinzi. Kijana aliyekesha wiki mbili akileta kuku wake anayetembea kama ngamia, ukumbi ukicheka, hatarudi, wala hatasema kwa nini. Mwenyekiti aweke sharti kwamba mtu hasemi kosa kabla ya kusema namna ya kulitengeneza. Sifa za bure nazo zikatazwe vile vile, maana zamwacha mtu alipokuwa.

Fedha zitakuja tu, hata kama hazikuombwa: mafuta ya jenereta, nauli ya mgeni, chai na mandazi. Zichangwe kidogo kidogo, ziandikwe katika daftari moja lililo wazi mezani, na mwenye daftari asiwe mwenye ufunguo. Kila shughuli iwe na watu wawili waijuao, ili mmoja akipata kazi Kampala kikao kisisafiri naye.

Mkeka upo, viti vipo, na fundi mmoja wa mjini amekubali kuazimisha projekta yake kwa vikao vitatu vya mwanzo. Yaliyobaki ni ya kamati: kuitaja Jumamosi, na kusema ufunguo utakaa kwa nani.